Mashini ya Mwalimu Mawazo na Sirena ya Mchana

Mwalimu Mawazo alikuwa anabeba mashini ya kaseti mgongoni, imefungwa na kitenge kama mtoto. Kweli kabisa! Siku moja hapa mtaani Kamalondo mama mmoja akamsimamisha: «Mutoto iko na miezi ngapi?» Mwalimu akabonyeza, kitenge kikaongea: «Bonjour, batoto!» Yule mama alikimbia, akaacha kiatu kimoja njiani.

Ndiye mwalimu wangu wa mwaka wa tano. Binti wa mshona nguo, watu wa Maniema, mfupi, hatembei, anakimbia. Mashini aliitafuta mwenyewe mpaka Kasumbalesa, kule mpakani. Lakini ilikuwa moja, na sisi tulijaa mpaka madirishani! Basi akatugawa ekipe tatu.

«Tutafanya sawa baba zenu kule usine,» alisema. «Kwa poste, kwa zamu. Ekipe inasikiliza kipande chake, inaeleza wale wanaokuja, ndiyo inaachia mashini.»

Tulielewa mara moja. Baba zetu karibu wote walikuwa usine ya shaba ya Gécamines, na baba haachi kazi kama mwenzake hajafika na kuambiwa mashini iko namna gani.

Halafu inspecteur, mkaguzi wa masomo, akaja. Huyu alipenda darasa kimya, mikono juu ya meza. Akamwambia Mwalimu mbele yetu: «Citoyenne, nikiona fujo leo, hiki kintu kinarudi nyumbani na hakiingii tena hapa.»

Mwalimu akabonyeza. Kwenye kaseti, bibi Amida, muuza samaki wa sokoni, akaanza kueleza namna samaki wa Pweto, kule ziwani, wanavyofika Lubumbashi. Ekipe ya kwanza, ya Kasonde, ikainama kusikiliza.

Mara sirena ya usine ikalia. Uuuuu! Ilikuwa saa ya kubadilisha poste kule, siyo kwetu! Lakini ekipe ya Kasonde yote ikasimama, bibi Amida yuko katikati ya neno. Ya pili nayo ikaja mbio, ikagonga meza.

«Mais c'est quoi, ça?» inspecteur akapiga kelele. «Fujo hii!»

Mwalimu alishika kitenge kwa mikono miwili. Mimi nilisema moyoni: basi, mashini imekwenda.

Lakini Kasonde alikuwa amemshika shati Yuma wa ekipe ya pili. «Weye, usikae kwanza! Sijakuachia. Samaki bamepasuliwa, bamekula chumvi, beko juu ya moshi. Bibi alikuwa anasema moto ikizidi… hapo sirena ikalia. Rudisha kaseti kidogo.»

«Moto ikizidi, inakuwa nini?» Yuma akauliza.

«Weye njo utaniambia, siyo mimi!»

Inspecteur akatazama huku na huku, akamwonyesha Zabibu, wa ekipe yetu ya tatu, ambaye alikuwa hajagusa mashini. «Wewe. Samaki wako wapi sasa?»

Zabibu, yeye asiyesemaga darasani! «Beko kwa moshi, Citoyen Inspecteur. Mbele balipasuliwa, balipata chumvi. Ya moto hatujajua bado, Yuma njo atatuambia.»

Inspecteur akavuta kiti mpaka kwenye benchi letu. «Na namna wanavyofika mpaka huku?»

«Ile njo kazi yetu, ya mwisho.»

«Haya, bonyezeni, nisikie!» Akanyoosha mkono kwenye mashini.

Zabibu akaufunika kwa mkono wake mdogo. «Hapana, Citoyen Inspecteur. Ngoja kwanza Yuma akupe kazi.»

Darasa zima likapasuka kwa kicheko, na Mwalimu Mawazo kuliko sisi wote. Inspecteur akakunja mikono, akangoja poste yake.