Abiria wa Tambarare

Mume wangu hujisifu kwamba amenibeba nyuma ya pikipiki yake miaka kumi na minne. Uongo mtupu. Ile pikipiki ya Kichina ni kuukuu kuliko ndoa yetu, na injini yake ndogo haijawahi kupandisha watu wawili kilimani. Chini ya kila kilima mimi hushuka, yeye hupanda peke yake, kisha hunisubiri juu huku injini ikiunguruma, maana akiizima haiwaki tena mpaka isukumwe. Na kati ya Kabambare na Kasongo vilima havina mwisho. Nimechoka navyo, nasema wazi.

Siku mama yangu alipofariki Kasongo, kaka yangu alipiga simu kabla ya alfajiri. Watamzika baada ya sala ya alasiri; kungoja zaidi hawawezi. Nilitaka kitu kimoja tu, kumwona uso kabla hawajaufunika. Tukaondoka Kabambare gizani.

Kufikia adhuhuri kandambili zangu zilishakatika. Nilikuwa chini ya kilima kingine, tope mpaka vifundoni, mume wangu ameshafika juu, ndipo ikaja pikipiki ya abiria, mpya, kiti cha nyuma kitupu.

"Mama, unaenda wapi na miguu?" dereva akauliza.

"Kasongo. Mama yangu wanamuzika leo."

"Panda."

Nikapanda. Kule juu mume wangu alikuwa anapangusa kiti changu kwa kofia yake. Dereva hakupunguza mwendo, na mimi sikumwambia apunguze. Nilipaza sauti tu: "Utanikuta kule!" Sijui kama alinisikia.

Mama nilimkuta uso bado wazi. Nikamwangalia, nikamgusa kipaji cha uso, mpaka wanaume wakasema basi, wakambeba.

Mume wangu alifika wakati wa magharibi, anaisukuma pikipiki yake. Watu walishatoka makaburini. Mama alimpenda kuliko wanawe wa kuzaa, na kila tulipokuja alimwambia mbele yetu sote kwamba siku ya kwenda kaburini anataka bega lake. Hilo nililikumbuka nilipomwona mlangoni, si kabla.

"Ulimuona?" akaniuliza.

"Nilimuona."

"Basi, iko muzuri."

Akaenda kukaa kwenye mkeka wa wanaume na viatu vyake vya tope, akalia kwa sauti, na hakuna aliyemwambia avivue.