Mguu wa Bandia

Viti vya plastiki vya jumuiya ya Lipangalala vilitunzwa kwa Dionisi, na sijui nani alitoa wazo hilo. Afadhali wangempa mlevi ufunguo wa kilabu. Dionisi alikuwa akijenga mfano wa daraja la Kivukoni, wote wa plastiki, mrefu kama kitanda, na huu ulikuwa mwaka wa tatu. Alikata kwa msumeno wa chuma, akalainisha kwa msasa, na vipande akaviunganisha kwa kisu alichokipasha moto kwenye jiko la mkewe, Agnetha. Hata wali wa nyumba ile ulinuka plastiki.

Nguzo za daraja zilitaka plastiki nene, na miguu ya viti ni minene. Alianza na viti vilivyopasuka, jambo ambalo hata padri angelisamehe. Vilipoisha, nguzo moja ilikuwa bado. Bwana fundi akakikata mguu kiti kizima, akakibandikia kwa kisu kilekile cha moto mguu wa bandia alioukunja kutoka kwenye dumu la mafuta ya kula. Alikijaribu kwa kukikalia? Thubutu! Alikificha nyuma ya mlango.

Jumamosi wageni wakaja kutoka Malinyi kumposa Getrude, binti yake wa pekee. Walikuja wengi kuliko walivyotarajiwa. Jirani mmoja, kwa wema tu, akachungulia nyuma ya mlango, akatoka na kiti.

"Shikamoo mzee, karibu ukae."

"Marahaba, mwanangu," akajibu Mzee Marcelino, babu wa mposaji na msemaji wa ujumbe, akakaa.

Dionisi akakitambua kile kiti. Neno moja tu lilihitajika: mzee, hamia hapa kwangu. Lakini wangeuliza kwa nini, na Mama Dorotea, mwenyekiti wa jumuiya, alikuwa ameketi hatua mbili kutoka pale. Fundi mzima aumbuke mbele ya wakwe? Akatabasamu, hata akakohoa kwa heshima zake zote, huku macho yakiwa kwenye ule mguu.

Mzee alizungumza taratibu. Akasifu malezi ya binti. Akataja ukoo wake mpaka kizazi cha nne, na kila alipoinama kusisitiza jambo, mguu ulijipinda kidogo. Alipofika kwenye neno lililomleta, ukakatika. Mzee akaanguka kifudifudi, barua ya posa mkononi, mdomo ukapasuka.

Wanawake walipiga kelele. Getrude akatoka mbio chumbani, akamwinua babu wa mchumba wake, akampangusa damu kwa khanga yake mpya. Kisha akamgeukia baba yake, aliyekuwa amekwisha kuuokota ule mguu na kuugeuzageuza mwangani.

"Baba, ulijua."

"Kiungo hakijaachia, mwanangu," Dionisi akasema, na sauti yake ilikuwa na furaha ya kweli. "Tazama. Kilichokatika ni dumu."