Hatujambo Wala Hatuna Neno

Nilikuwa na hati nzuri, na hati hiyo ndiyo iliyonitia kiburi. Marehemu baba alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani Jomvu Kuu, akanifunza kuandika barua kabla sijabalehe. Basi nilipokamatwa katika mgomo wa makuli, miaka ile uhuru ulipokuwa ukinukia, mahabusu wenzangu walijua siku ya pili tu kwamba wamepata karani.

Tulikuwa kumi na wawili katika chumba cha watu wanne, kwenye gereza dogo la upande wa bara. Maji yalipenya ukutani, saruji haikukauka, na ndoo ya choo ilikaa humo humo tulimolala. Aliyenitia uchungu zaidi ni mzee mmoja wa Rabai, aliyeshikwa kwa kugema tembo la mnazi bila kibali. Alilala chini bila blanketi, akakohoa hata mbavu zikamuuma. Tukaafikiana tumshitakie hakimu: mzee apewe kitanda na daktari, na ndoo itolewe.

Nikaandika kwa adabu zote. Nilianza kama baba alivyonifunza: baada ya salamu nyingi, sisi huku hatujambo wala hatuna neno ila kheri. Ndipo nikayashusha malalamiko, kurasa mbili nzima.

Hakimu tuliyepelekwa mbele yake alikuwa Mzungu, akisomewa na mkalimani. Salamu zilipokwisha tu, akamkatiza.

"Wenyewe wanasema hawajambo, hawana neno," mkalimani akatufasiria. "Basi wanashitaki nini?"

Nikainua mkono nieleze kwamba hivyo ndivyo barua inavyoanza, hata ya mgonjwa mahututi. Askari akaniketisha. Ombi likatupwa.

Chumbani hakuna aliyenilaumu, na afadhali wangenitukana. Waliacha tu kuniletea barua zao, na nikisogea walipozungumza, walinyamaza. Tulilala tukipumuliana usoni, lakini sijapata kuwa mpweke vile maishani mwangu.

Mzee peke yake ndiye aliyenijia.

"Mwanangu, niandikie mke wangu."

"Nimwambie kifua kinakuuma?"

"Andika sijambo, wala sina neno ila kheri."

"Mzee, maneno hayo hayo ndiyo yaliyotuponza!" Nilimfokea, nami naona haya hadi leo.

Akangoja kikohozi kipite. "Barua isiyo na salamu ni ya tanzia. Wataka aanze kulia kabla hajasomewa? Andika. Ya kifua nitamwambia mwenyewe akija."

Nikaandika. Barua ikaenda na mtu wa kwao aliyekuwa akifunguliwa siku hiyo.

Baada ya siku sita mzee akafariki, asubuhi, juu ya saruji ile ile. Askari wakamzika wao wenyewe, sisi hatukuitwa. Siku ya kutembelewa mkewe akatokea, ametoka Rabai kwa miguu na kikapu cha mihogo ya kuchemsha. Askari wa zamu hakutaka kumwambia. Akaniita mimi, kwa kuwa ndimi niliyekuwa mwandishi.

Nilimwamkia, nikamwambia mzee ametangulia mbele ya haki. Hakulia. Alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyeletewa msiba wa nyumba ya jirani. Kisha akafungua fundo la leso yake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akanipa niisome. Ilikuwa hati yangu.

"Basi siye huyo, mwanangu," akasema. "Wangu hajambo. Nimesomewa."