Blanketi la Mwanangu na Nyumba ya Madirisha

Aliyetuletea barua hii ameomba tufiche jina lake na la kijiji chake. Wasomaji, msikilizeni.

Ndugu Mhariri, nakusihi jina langu lisionekane, maana gazeti hili husomwa kwa sauti pale dukani, na mume wangu hakosi kuwapo.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na miwili, nimeolewa upande wa Manyoni, nina mtoto mmoja wa kiume ambaye ndiyo kwanza anajifunza kukaa. Nilisoma misheni mpaka darasa la nne, kwa hiyo naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nimeumizwa, wasomaji, na aliyeniumiza ndiye niliyekuwa nikimlilia.

Mwaka jana alikuja Mzungu mmoja wa serikali kujaribu namna mpya ya nyumba. Alisema tembe, nyumba zetu hizi za paa la udongo, zina giza na moshi na zinaharibu vifua vya watoto. Akajenga nyumba ya mviringo juu ya misingi mirefu ya mawe, sakafu ya mbao, madirisha pande zote, na kati ya ukuta na bati akaacha nafasi ili upepo upite. Kuwasha moto ndani marufuku. Kulaza ng'ombe ndani marufuku. Watu wakamwita Bwana Madirisha. Akataka familia yenye mtoto mchanga ikae humo aone mtoto atakavyokua, na mume wangu, fundi wake wa matofali, akatutoa sisi. Mimi niliambiwa siku ya kuhama.

Nisiwadanganye, mwanzoni niliringa. Nilideki ile sakafu mpaka inang'aa, na wanawake wakija kuchungulia dirishani najifanya siwaoni. Kisha kikaingia kipupwe. Mnaokaa huku mnaujua upepo wetu. Kwenye tembe ya mama mkwe kuna jiko la ndani, na ng'ombe wamelala upande wa pili wa ukuta, joto lao unalisikia mgongoni. Humu tulikaa kama kuku juu ya kichanja. Upepo unaingia juu, unaingia chini ya mbao, na mwanangu akaanza kukohoa kikohozi kikavu ambacho kilinitoa machozi.

Nikamwambia mume wangu turudi tembeni. Akasema, "Vumilia, mke wangu. Bwana Madirisha ameahidi blanketi la sufu la mtoto, linakuja kutoka Dodoma. Tukiondoka sasa tutamwaibisha."

Nikavumilia. Yeye mwenyewe alikuwa halali nyumbani, kila jioni anaaga kwamba anakwenda kulinda tanuru la matofali. Asubuhi anarudi na makaa ya moto kwenye kigae, ananiwashia jiko la nje. Nilimhurumia jamani! Nilikuwa namwekea uji mzito kwa sababu amelala nje kwenye baridi.

Blanketi halikuja. Nilipouliza aliniambia, "Wazungu nao wana mambo yao."

Asubuhi moja alichelewa. Mtoto alikuwa anatetemeka na mimi sina hata cheche ya moto, nikamfunga mgongoni nikaenda tanuruni kuchukua makaa. Tanuru lilikuwa baridi. Ndani ya mdomo wake kuku alikuwa ameatamia mayai, ametulia kabisa, akanitazama kama mimi ndiye niliyepotea njia. Nikajua moto haujawashwa pale siku nyingi.

Nikaenda moja kwa moja tembeni kwa mama mkwe. Nikainama mlangoni, nikasema, "Shikamoo mama." Akaitikia kwa ukavu. Macho yalipozoea giza nikamwona mume wangu kando ya jiko la mama yake, mahali ambapo kwetu mwanamume aliyeoa anaona haya kulala, amejifunika blanketi jipya la sufu. Blanketi lenyewe dogo, miguu yake yote ilikuwa nje.

Mama mkwe ndiye aliyeanza. "Leo umekumbuka kumleta mjukuu wangu? Mume wako kila siku ananiambia umekataa kurudi, eti tembe inanuka ng'ombe, wewe sasa ni bibi wa madirisha."

"Mama," nikasema, "mimi namwomba anirudishe tangu baridi ilipoanza."

Mama mkwe akamgeukia mwanawe. "Ni kweli?" Mume wangu akaanza kutafuta viatu vyake.

Wasomaji, angekuwa na mwanamke mwingine nadhani ningelia kidogo. Lakini kumnyang'anya mtoto wake joto, kisha kuniletea mabaki ya moto aliouota yeye, asubuhi hata asubuhi, na mimi nasema asante! Hilo limenishinda kumeza.

Sasa mtama ukishapurwa kutakuwa na mkutano mkubwa. Bwana Shauri, mkubwa wa serikali wa wilaya, anakuja, na wanawake wa vijiji vingi wataletwa kuiona nyumba. Mimi natakiwa nisimame mlangoni na mtoto nieleze jinsi tunavyoishi vizuri. Mume wangu ameahidiwa kuwa fundi mkuu wa nyumba za namna hiyo. Ameniambia wazi, "Ukiniharibia, nenda kwa baba yako, na mtoto abaki kwetu." Na kwa desturi yetu atabaki kweli, ng'ombe wa mahari walishatolewa.

Kwa sasa nipo tembeni na blanketi ninalo. Mtoto analala kati yangu na ukuta wa ng'ombe, na kikohozi kimepungua. Mama mkwe ananitetea, lakini naye anasema nimfichie mwanawe aibu.

Nikiisifu nyumba ile, kipupwe kijacho mwanamke mwingine atakuwa humo na kichanga chake, naye ataambiwa avumilie. Nikisema kweli, huyu ninayemnyonyesha nitamwacha. Akina mama wenzangu, na nyinyi akina baba mlio na huruma, niambieni: siku hiyo nikisimama pale mlangoni na mwanangu mgongoni, niseme nini?