Mama Victorine na Ukurasa wa Mtu Aliyepotea

Wakati wa vita, Victorine Misenga alikuwa msichana wa foni. Foni ni ile redio ya kusemea mbali, yenye waya mrefu juu ya paa na betri ya gari chini ya meza, na kwa miaka ile ndiyo iliyoijulisha dunia kwamba mji wa Kindu bado uko. Treni ilikuwa imesimama. Barabara ilifungwa upande huu na wenye bunduki hawa, upande ule na wenye bunduki wale. Baba yake, mtu wa Kasai aliyeletwa huku Maniema na kazi ya reli, aliendelea kuvaa kofia yake ya kazi na kwenda stesheni kila asubuhi kuangalia kama reli bado ziko. Zilikuwepo. Akarudi nyumbani, akala.

Waliokuja kwenye foni walikuwa wakitafuta watu wao. Mwanzoni Victorine aliita majina kama alivyopewa, na watu walimpa majina ya kitambulisho, marefu, ya ukoo kwanza, kwa sababu waliiona foni kama kitu cha serikali. Foni ya Kibombo ilijibu kwamba haimjui mtu huyo. Ya Kailo nayo haikumjua. Hapo Victorine akaanza kuuliza swali moja kabla ya kushika kipaza sauti: "Na kule watu wanamuita nani?"

"Kule wanamuita Baba Mapasa."

Akaita Baba Mapasa, na kabla betri haijachoka Baba Mapasa mwenyewe alikuwa upande wa pili, anauliza kama mbuzi wake wamelishwa.

Askari mmoja aliwekwa kukaa karibu naye ili asikilize siri za adui. Alisikia misiba, uzazi na habari za mbuzi. Mwishowe akaomba na yeye aitiwe mama yake.

Kati ya waliokuja alikuwa Albertine, mke wa Blanchard Mukuna. Blanchard alikuwa fundi baiskeli karibu na stesheni, na kwa kuwa alikuwa na pampu nzuri kuliko zote mtaani, watu walimuita Pompe. Alikuwa ameondoka na baiskeli kwenda Kibombo kutafuta mchele, na hakurudi. Albertine alikuwa na mtoto mmoja mkononi, Jules, na mwingine tumboni. Victorine aliita Pompe kila mahali palipokuwa na foni. Kibombo ilisema alipita. Baadaye mfanyabiashara mmoja akasema alionekana kwenye njia ya Kampene, anasukuma baiskeli bila tairi ya mbele. Baada ya hapo hakuna aliyesema kitu tena.

Vita ikaisha, minara ya simu ikasimamishwa, na foni ikafa bila kuzikwa. Victorine akaolewa, akafiwa na mume, akachapa barua za watu kwa kompyuta karibu na soko. Siku moja parokia ikaleta walimu kutoka Goma kufundisha wanawake namna ya kutengeneza tovuti na namna ya kuifanya ionekane mtu akitafuta kitu kwa simu yake. Wanawake wengi walichukua cheti wakaenda. Victorine alibaki akiuliza maswali mpaka walimu wakaanza kuangalia saa. Alikuwa amegundua kwamba kazi ile anaifahamu. Mtu anaita, na kama hukujiandika kwa jina analoliita, hakusikii.

Tangu hapo wenye tovuti wa Kindu walimjia yeye. Wenye mchele wa Kibombo walikuja na tovuti iliyoitwa "Mpango Jumuishi wa Kuendeleza Sekta ya Nafaka".

"Muntu akitafuta mchele, anaandika nini kwa simu?" Victorine aliwauliza.

Wakaangaliana. "Anaandika mchele."

"Kwenye site yenu neno mchele liko wapi?"

Halikuwepo.

Mwenye nyumba ya wageni naye alikuwa ameambiwa na fundi wa mbali aandike "hoteli Kindu" mara nyingi chini ya ukurasa, kwa rangi nyeupe juu ya karatasi nyeupe, ili mashine ya kutafutia ione na watu wasione. Mashine iliona, ikamuondoa kabisa. Victorine alimfutia maneno yale, akamwambia aandike mambo ya kweli: umeme unakuja saa ngapi, kama kuna maji, na kutoka uwanja wa ndege unapita wapi. Mwenye nyumba hakupenda kuandika habari za umeme. Aliandika hata hivyo, na wageni wakaanza kufika wakiwa wamebeba taa zao, bila kulalamika.

Halafu akaja Papa Félicien Kalombo. Huyu alikuwa karani wa stesheni aliyestaafu, mwenyekiti wa chama kidogo cha familia zilizotenganishwa na vita. Mpwa wake wa Lubumbashi alikitengenezea chama tovuti akaiacha hapo. Papa Félicien alikaa kwenye kiti, akaweka kofia magotini.

"Mama Victorine, site yetu iko ao haiko?"

"Iko, Papa."

"Sasa juu ya nini hakuna muntu anayeiona?"

Victorine akaifungua. Kwanza ilianza kushuka picha kubwa ya Papa Félicien mwenye suti. Kwa mtandao wa Kindu, lilionekana paji la uso, baadaye nyusi, baadaye pua. Mtu aliyekuwa anamtafuta ndugu yake alipaswa kungoja mpaka tai ya suti ishuke. Chini ya picha kulikuwa na hotuba ya kukaribisha. Kurasa zote, za kila familia, ziliitwa "Karibu". Na majina yenyewe ya waliopotea yalikuwa kwenye picha za karatasi zilizopigwa chapa.

"Papa, mashine haisomi picha hizi vizuri. Inaona karatasi tu. Majina haiyaoni."

"Lakini yameandikwa wazi."

"Kwa macho yako. Na picha yako hii ni nzito sana."

Papa Félicien aliitazama. "Nilikuwa na kilo nyingi wakati ule," alisema.

Walielewana picha ipunguzwe na ishuke chini. Hotuba ilibaki, kwa sababu Papa Félicien alisema bila hotuba chama hakina kichwa, lakini ikahamishiwa ukurasa wake peke yake, ambako iko mpaka leo na haisumbui mtu. Kila aliyepotea akapewa ukurasa wake. Victorine aliwaita ndugu mmoja mmoja ofisini akawauliza lile swali la zamani: watu walimuita nani? Alifanya kazi gani? Mara ya mwisho alionekana wapi? Majibu yao akayaandika kama walivyosema, na lile jina la mtaani akaliweka juu kabisa.

Albertine alikuja na harufu ya samaki mkavu, maana ndiyo biashara iliyomlelea watoto. Hakuwa ameolewa tena. Hakuwa pia amevaa nguo za ujane, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba ni mjane. Ukurasa wake ukaitwa hivi: "Blanchard Mukuna, Pompe, fundi baiskeli wa Kindu, alionekana njia ya Kampene, anatafutwa." Chini kabisa Victorine akaweka namba yake ya simu, kama kwenye kurasa zote.

Msimu wa mvua ulipita. Siku moja mchana simu ililia.

"Njo Mama wa mambo ya site?" Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya heshima, ikiuliza kama ndiye. "Niko na duka hapa Kampene. Vyuma vya pikipiki. Watoto wangu walinifungulia ukurasa. Lakini muntu akitafuta duka yangu, kitu kingine kinakuja mbele yake. Ninataka ya kwangu ipande."

Victorine alivuta karatasi. Hiyo ilikuwa kazi ya kawaida. "Duka inaitwa nani?"

"Chez Pompe."

"Na kinachokuja mbele ni nini, Papa?"

"Ni ukurasa wa muntu aliyepotea."

"Muntu gani?"

Upande wa pili Victorine alisikia mtu anajaza upepo kwenye tairi.

"Miye," alisema yule mtu.

Victorine aliiweka kalamu chini. Alikuwa ameliita jina hilo kwenye foni mpaka sauti ikamkauka, na sasa limejibu kuomba ushauri wa biashara. Hakujua afurahi au akate simu. Akauliza kama ni mzima. Alikuwa mzima. Alikuwa na mke na watoto. Wakati ule aliambiwa mtaa wao umeungua na hakuna aliyetoka, akaamini. Alipokuja kusikia kwamba si kweli, alikuwa ameshaoa, na kila mwaka uliopita uliufanya mwaka uliofuata kuwa mgumu zaidi.

"Unaweza kuufuta?" aliuliza.

"Kufuta si kazi. Lakini mwenye ukurasa ni Mama Albertine. Akisema ufe, utakufa. Nikupe namba yake?"

Blanchard alisema mtandao unakatika. Mtandao haukuwa unakatika.

Jioni ile, kabla jua halijashuka, Victorine alikwenda sokoni. Alimwambia Albertine moja kwa moja, kwa sababu hakuona njia nzuri ya kuzunguka. Albertine aliendelea kupanga samaki, wakubwa mbele, wadogo nyuma.

"Iko muzima?"

"Iko muzima. Iko na duka."

"Ya nini?"

"Vyuma vya pikipiki."

"Alikuwa anasema pikipiki ni ya wavivu." Akapanga samaki mwingine. Kisha akafuta mikono kwenye kitenge. "Anataka nini?"

"Ukurasa ufutwe. Unamuharibia duka."

Albertine alimhudumia kwanza mteja aliyekuja, akampa chenji. "Usifute," alisema. "Pale panaposema anatafutwa, andika amepatikana. Njo kweli, si njo?"

Ilikuwa kweli. Victorine akabadili kichwa cha ukurasa: "Blanchard Mukuna, Pompe, fundi baiskeli wa Kindu, amepatikana Kampene." Papa Félicien alipoona neno "amepatikana", la kwanza katika maisha ya chama, alituma kiungo cha ukurasa kwa watu wote aliowajua. Mafundi wa zamani wa baiskeli wakawatumia wengine. Kiungo kikapita Kailo, kikafika machimboni. Na ukurasa unaotumwa na watu wengi namna hiyo hupanda. Victorine angemwambia mwenye tovuti yeyote kwamba hakuna dawa kubwa kuliko hiyo.

Blanchard akapiga tena. "Mama, wateja hawaulizi bei sasa. Wanaulizia kama njo miye."

"Ukurasa uko na nguvu," Victorine alisema.

"Nifanye nini duka yangu ipande?"

"Andika mahali ulipo, saa unazofungua, vyuma ulivyonavyo. Weka picha ndogo. Duka itapanda polepole. Lakini hii ya Mama Albertine haiwezi kushindwa na bei ya cheni, Papa. Ni bora uchukue ile namba."

Safari hii mtandao haukukatika. Aliichukua.

Walizungumza nini yeye na Albertine, Victorine hakuambiwa. Aliambiwa tu aje siku ya Jumapili, baada ya misa, kwa kuwa Albertine hakutaka kuwa peke yake. Blanchard alifika kwa pikipiki, ana matope mpaka kifuani na mvi kichwani. Ndani walikuwepo Jules, ambaye sasa ni mwalimu, na Gisèle, muuguzi, ambaye baba yake hakuwahi kumuona. Gisèle alimpa mkono kama anavyompa mgonjwa mpya. Albertine akaweka wali na samaki mezani.

Blanchard alishika kijiko, akakiweka chini. "Njia ya Kampene ni mbaya sana," alisema.

"Ninaona," Albertine alijibu. "Imekuchukua muda."

Jules alitoka nje. Waliobaki walisikia anacheka, au analia. Hakuna aliyekwenda kuhakikisha. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akakaa karibu na baba yake, akamsogezea pilipili. Ndipo Blanchard akalia waziwazi, na Albertine akamwacha alie, kisha akamwambia wali unapoa.

Albertine hakumrudisha nyumbani, na Blanchard mwenyewe hakuomba kurudi. Albertine alidai kitu kimoja: watoto wa Kampene waje Kindu wawajue ndugu zao. Walikuja wakati shule zimefungwa, wamebanana nyuma ya gari la mizigo, na mkubwa wao alifanana na Jules mpaka jirani akamsalimia kwa jina la Jules. Walipoondoka, Albertine alipita ofisini.

"Sasa ufute," alisema.

Victorine aliufuta palepale, akamweleza kwamba katika matokeo ya utafutaji jina litaonekana siku kadhaa zaidi, mpaka mashine ipite tena na kukuta mlango umefungwa.

"Ipite tu," Albertine alisema. "Haina haraka."

Aliyelalamika ni Papa Félicien. Chama kilikuwa na mtu mmoja tu aliyepatikana, na sasa hata huyo hayuko kwenye tovuti. Watu watajuaje kwamba inafaa? Victorine alimwambia waendelee na kurasa zilizobaki. Bado kuna familia hazijaulizwa vizuri. Papa Félicien alikubali, akauliza kama basi picha yake inaweza kurudi juu, kwa vile nafasi imepatikana.

"Ndogo," Victorine alisema, akamwita mama aliyekuwa anangoja mlangoni, ametoka Kailo kwa miguu kumtafuta dada yake. Alimwekea kiti.

"Karibu, Mama. Huyo dada yako, kule kwenu watu walimuita nani?"