Maua Mekundu ya Mama Kule Mtunda

Harufu ya udongo uliolowa ndani ya kopo lenye kutu hunirudisha Mtunda hadi leo, na kila mara hunikuta sijajiandaa.

Mama alipanda maua kwenye makopo ya mafuta ya kula, akayapanga kando ya ukuta wetu wa udongo. Mengine yalikuwa ya mbegu. Alizifunga kwenye pindo la kanga, na mvua zikianza akazimwaga ovyo uani, yakatoka ya manjano, ya zambarau, hata ya rangi nisizozijua jina. Lakini aliyoyapenda kupita yote ni yale mekundu ya mviringo, makubwa kama kichwa cha mtoto mchanga, yanayotoka kwenye kitunguu chake kilichofukiwa udongoni, vuli inapoingia. Jirani akimwomba kitunguu kimoja, hakumnyima.

Alifariki masika yalipokuwa yanaisha. Baba alikuwa ametangulia mwaka mmoja nyuma. Mimi nilikuwa darasa la sita, mdogo wangu Zuhura ana miaka mitano. Niliacha shule, nikashika jembe. Kila asubuhi Zuhura aliniuliza mama anarudi lini, mpaka siku moja, kwa kuchoka, nikamwambia, "Maua mekundu yakitoka, ujue mama anatusalimia." Akatulia. Tangu hapo akawa anakula muhogo wake mbele ya makopo, anasubiri salamu.

Kiangazi kilipokolea, majani yakageuka manjano, yakalala. Niwaambie ukweli, niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya mazishi. Kisima kilikuwa mbali, lakini nilibeba ndoo asubuhi na jioni. Maji ya kwanza yalikuwa ya maua, ya kupikia yakafuata. Jirani yetu Bi Mwanaidi akipita na kuni zake alinicheka.

"Weye mtoto, utamwagilia mpaka mawe yaote! Yaache hayo, yamelala."

Nilimwona hana huruma. Nani anamwacha mgonjwa bila maji?

Vuli ikaja. Uani kwa Bi Mwanaidi yakachomoza, mekundu mpaka yanaumiza macho. Kwetu, kimya.

"Dada," Zuhura akaniuliza, "mbona mama anawasalimia wa kule tu?"

Nikafukua kopo la kwanza kwa vidole. Kitunguu kilibonyea, kikatoa uji wenye uvundo. La pili vivyo hivyo. Nikayamaliza yote tisa.

Bi Mwanaidi alinikuta nimekaa chini, mikono imejaa uozo. Safari hii hakucheka. Alirudi kwake, akaja na vitunguu viwili vyenye udongo wake, kimoja kina ua limesimama juu ya shina.

"Shika, mwanangu. Hivi alinipa mama yako."

"Sitaki," nikasema. "Hivyo si vya mama. Ni vyako."

Akanitazama kidogo. "Haya," akasema, akaondoka navyo.

Nilijiona nimemtetea mama. Kwa akili yangu ya siku zile, kilicho chake ni kile tu kilichobaki uani kwetu, nami nilikuwa nimekiozesha kwa maji yangu. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba vile alivyogawa ndivyo vilivyobaki. Nilipokwenda kuomba, Bi Mwanaidi alikuwa amehama kumfuata binti yake, na ua wake wote umelimwa mihogo. Waliokuwepo hawakukumbuka kama pale paliwahi kuwa na maua.

Zuhura sasa ana watoto wake. Hajawahi kunilaumu. Lakini naiona bado asubuhi ile: niliposema sitaki, alikuwa ameshasimama ubavuni mwangu, viganja vyake viwili vimefunguka kupokea. Akavikunja taratibu, akavificha mgongoni. Kuanzia kesho yake hakuuliza tena habari za mama, nami, Mungu anisamehe, nilishukuru, nikidhani amezoea.