Tetemeko Lililofungiwa Halua

Mwanangu, nikiikumbuka siku moja ya harusi kule Kiwengwa, hucheka peke yangu hadi leo.

Nilikuwa msichana, msaidizi wa Bi Zuwena, mtaalamu wa matetemeko. Mashine yetu tuliiweka nyuma ya nyumba ya shangazi yangu, inachora mistari kwenye karatasi ndefu. Ardhi ikitetemeka nchi za mbali, mawimbi yake hupita chini kwa chini hadi kwetu. Kwenye mwamba mgumu huenda mbio, kwenye tabaka laini huchelewa. Ukipima lipi limetangulia na lipi limefuata, unaweza kuchora chini ya Unguja kulivyo, kusikofika kisima. Miezi mitatu tulingoja tetemeko kubwa bila kulipata, na siku ya pili ya harusi hiyo mashine ilikuwa irudishwe mjini.

Jirani palikuwa na harusi, ngoma tangu asubuhi. Niliporudi kuitazama karatasi nikaona mistari imerukaruka, kwa ujuaji wangu nikasema hivyo ni vishindo vya wachezaji. Nikaandika pembeni "ngoma ya harusi", nikaikatakata karatasi, nikampa shangazi afungie halua ya wageni.

Alasiri akaja Bi Zuwena.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Karatasi ya leo iko wapi?"

Nikamweleza.

"Ilitikisika saa ngapi?"

"Saa saba u nusu, kwa alama za karatasi."

"Uliwauliza wapiga ngoma?"

Sikuwauliza. Nikatoka mbio. Mpiga ngoma mkuu akacheka. "Saa saba u nusu? Sote tulikuwa tunakula pilau! Ngoma zilikuwa zimelala chini."

Kumbe lilikuwa lile tetemeko tulilolingoja! Nikapita nyumba hadi nyumba, machozi yananitoka, naomba karatasi za halua. Nikapata vipande vyote isipokuwa kile chenye mwanzo wa mawimbi. Nilikikuta kwa bibi yake bi harusi, kakikunja vizuri mkobani.

"Chukua, mjukuu wangu," akasema. "Halua nshakula."

Tukaviunga vipande sakafuni. Samli ilikuwa imevilowesha, lakini mistari ilisomeka yote. Bi Zuwena akapiga kigelegele kuwashinda wenye harusi, kisha akanigeukia. "Ardhi ndiyo iliyoulizwa, wewe ukaijibia."

Basi mwanangu, usikipe kitu jina kabla hujauliza, hata kama jibu unaliona mlangoni. Na ukikosea, toka mbio ukatengeneze, usione haya kugonga milango ya watu. Mola akupe ulimi wa kuuliza na masikio ya kungoja jibu, na siku utakapoteleza, kosa lako aliokote mtu aliyekwisha kula halua.